Mfupa Mfukoni mwa Peris

Huko Ureno, familia ya bosi wake ilimpitisha Peris katika kanisa dogo la kale lililopambwa kwa mifupa ya watu. Sasa wamerudi Riyadh, na ndani ya teksi amegusa mfupa mfukoni mwa koti lake. Nyanya yake alimfundisha kwamba aliyeshika mfupa wa maiti haingii nyumbani kabla hajatakaswa. Akabaki mlangoni na mabegi.

"Yalla, Peris, unangoja nini?" madam akauliza.

"Siwezi kuingia, madam. Nimebeba mtu."

Nuf, binti wa madam, akauchungulia mfupa. "Huyo ni kuku wangu wa Jeddah, tulipokuwa tukingoja ndege. Nilikosa pa kuutupa mfupa, nikautia mfukoni mwako."

Peris akashusha pumzi. "Na nilivyomwombea njia nzima," akasema, akavua viatu, akaingia.