Sanduku la Diski Mbili

Jumamosi asubuhi mama mdogo alikuwa akideki korido. Akafika kwa yule mwanamke mwenye ndoo, akamwambia asogeze miguu. Mwanamke hakusogeza. Mama mdogo akapitisha tambara kando yake, akamruka wa pili aliyechuchumaa na brashi ya rangi, kisha akainama kumkwepa wa tatu, ambaye alisimama hewani karibu na dari, pale ambapo zamani palikuwa na jukwaa la mafundi.

"Kimya!" akaita. "Hawa mama zako wamenichosha. Nikifuta saruji huku, inadondoka kule. Mimi nimeolewa, sikuandikwa kibarua."

Kimya alitoka jikoni mikono ikiwa na povu. Jina hilo alipewa na baba mdogo, kwa kuwa maneno yake kwa siku yangeenea kwenye kiganja. Akapiga magoti, akafuta saruji mbichi.

Wote watatu walikuwa mama yake. Baba yake alipokuwa hai aliumwa mgongo na hakuweza kunyanyua hata tofali moja. Mama ndiye aliyejenga ile nyumba, na baba alikaa kwenye kiti akimpiga video: siku ya msingi, siku ya linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na siku ya rangi. Baba alitangulia, mama akafuata. Baba mdogo alikuja kwenye msiba wa mama akiwa na mkewe na begi moja, akasema atakaa mpaka watu watawanyike. Watu walitawanyika. Yeye akahamia chumba cha mama, akapigilia kibao chenye jina lake juu ya mlango wa mbele, na Kimya akaonyeshwa stoo.

Video zilibaki kwenye diski ya zamani, pamoja na mechi alizorekodi baba mdogo na hotuba aliyoitoa siku ya kuzindua nyumba. Wageni walikuwa wakiuliza yule mwanamke mwenye mwiko wa kujengea ni nani. Baba mdogo akasema diski imejaa, akazifuta. Alizifuta akiwa ameweka miguu juu ya stuli, na Kimya amesimama mbele yake na sinia la chai. Kila video ilipofutwa mama mmoja alitoka, vilevile alivyokuwa siku ile, akatafuta pa kusimama.

Hawakuzungumza na mtu. Walisema tu yale waliyoyasema walipopigwa picha. Wa msingi alisema, "Leta maji." Wa rangi alisema, "Wewe naye, mpaka nikiwa na rangi puani?" na kucheka. Wa linta alisema, "Hapo pamepinda," na mara nyingi alisema baba mdogo anapopita.

Siku hiyo baba mdogo alipomaliza chai alimwita Kimya.

"Nasikia kuna masanduku ya kuhifadhia video. Unaliunganisha na waifai, na kila tivii ya nyumba inasoma humo. Nunua moja, la bei ya chini, la diski moja. Wapeleke hawa mama zako dukani, warudishwe ndani. Mechi zangu utazihamishia humo nizifaidi kwanza. Nikishapata lingine zuri, hilo tutalitumbukiza kwenye shimo la choo, tupumue."

"Sawa, baba mdogo."

"Ningekwenda mwenyewe, lakini mimi hawanifuati."

Ilikuwa kweli. Walimfuata Kimya tu. Wakatoka wanne barabarani, wa linta akielea juu kidogo ya vichwa vya watu, na mwenye kibanda cha matunda akasogeza mwavuli wake ili asijigonge. Kimya alitembea akitazama chini kama kawaida yake. Lakini moyoni hakuwa mtu wa kutazama chini. Alikuwa na haja moja: baba mdogo akifumbua macho amwone mama, akiyafumba amsikie, na asiwe na pa kumtupa. Ikiwa angerudi na sanduku aliloagizwa, mama angeishia shimoni, na nyumba ingebaki bila mtu wa kusema nani aliijenga.

Fundi wa duka alikuwa kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa waya pembeni.

"Karibu, dada. Unataka sanduku la kazi gani?"

"La video za nyumbani."

"Na hawa?"

"Ndio video zenyewe."

Fundi akaingia nyuma kuleta viti zaidi. Wa linta hakuhitaji.

"Hawa si wengi," alisema fundi akirudi. "Mwezi uliopita bwana mmoja alileta harusi nzima na bendi. Walipiga muziki hapa mpaka jirani akaja kulalamika." Akaweka masanduku mawili juu ya meza. "Hili dogo lina diski moja. Ni jepesi na halina kelele. Lakini diski ikifa, wamekufa nayo. Ukilitia maji ndiyo basi."

"Na hili?"

"Hili lina diski mbili. Kinachoandikwa huku kinaandikwa na huku. Diski moja ni kioo cha mwenzake. Nina diski mbili zilizotumika, nzima kabisa, bei inakuwa ileile."

Wa linta akashuka kidogo. Akaligonga sanduku dogo kwa kitako cha mwiko, akasikiliza, akaliacha. Hivyo ndivyo alivyoyagonga matofali, na lililotoa sauti ya uchovu alilirudisha kwenye lori. Akaligonga lile kubwa, kisha akashusha timazi pembeni yake na kusubiri uzi utulie.

"Hilo dogo," akasema Kimya taratibu, "mtu akilitumbukiza majini, hawatoki?"

"Hawatoki."

"Na hili kubwa?"

Fundi alifikiri. "Hili lina nguvu. Likiguswa vibaya, watakaokuwa humo watatoka wa diski zote mbili. Hapa utakuwa na sita. Nafasi unayo?"

"Baba mdogo anayo."

Fundi akamtazama juu ya miwani, akachukua bisibisi.

Alipomaliza kufunga diski alimgeuzia kompyuta. "Sasa, msimamizi ni nani? Yaani mwenye ruhusa ya kufuta."

"Mimi."

"Baba mdogo?"

"Atatazama."

"Tutamruhusu kufuta?"

"Atatazama tu."

Kimya akaandika neno la siri. 

Kurudi ndani hakukuchukua muda. Wanawake walivua ndala mbele ya meza, wakaingia mmoja mmoja kwa kupitia waya. Wa linta alitanguliza mwiko na timazi. Wa msingi alipobaki peke yake Kimya alimsogelea. Alikuwa na mengi ya kumwambia, akapata moja tu.

"Shikamoo, mama."

"Leta maji," akasema wa msingi.

Kimya akaomba maji kwa fundi. Mama akayamimina kwenye ndoo yake, akaingia nayo.

Jioni baba mdogo alikaa mbele ya tivii na jirani yake. Sanduku, ambamo Kimya alikuwa ameshahamishia video zote za baba mdogo, lilikuwa stoo, chini ya kitanda chake, likinguruma kama paka aliyeshiba. Baba mdogo akachagua mechi aipendayo kuliko zote, ambayo timu yake ilishinda mabao matatu. Mpira ulipoanza, wanawake watatu waliingia uwanjani na ndoo, wakaanza kujenga mbele ya goli. Kufikia mapumziko ukuta ulikuwa umefika kwenye mwamba wa juu. Mabao yote matatu yaligonga tofali na kurudi.

"Nani kaweka ukuta pale?" akauliza baba mdogo.

"Shemeji yako," akasema mkewe, akiendelea kuchambua mchele.

"Anajenga vizuri," akasema jirani. "Angalia kona ile."

Baba mdogo akabadilisha mechi. Huko ukuta ulikuwa umeshaanza. Akafungua video ya harusi yake, na ukuta ulikuwa katikati ya bwana na bibi harusi, wamepakana nao kila mmoja upande wake, wakitabasamu. Akashika rimoti afute. Tivii ikamwambia hana ruhusa.

"Kimya! Pasiwedi anayo nani?"

"Mimi, baba mdogo."

"Lete."

Kimya akainua macho, akamtazama usoni. 

Baba mdogo akainuka, akachukua nyundo, akaelekea stoo.

"Vunja tu," akasema Kimya nyuma yake. "Watatoka sita."

"Sita?" Mama mdogo aliweka ungo chini. "Kwenye korido yangu? Mume wangu, rudisha nyundo ulipoitoa."

Nyundo ikarudishwa.

Basi wakaishi hivyo. Baba mdogo akazoea mechi za sare tasa. Mama mdogo akadeki korido yake bila kuruka mtu. Jirani akawa anakuja kutazama ujenzi, na siku nyingine alisahau kuuliza nani anacheza.

Kisha baba mdogo akaalika wakubwa zake wa kazini waje kuona nyumba. Baada ya kula, akawawekea hotuba yake, kama alivyomwekea kila mgeni. Kwenye tivii alisimama kibarazani amevaa suti, glasi mkononi. "Nyumba hii," alianza, na wanawake watatu wakatokea na kuweka tofali la kwanza miguuni pake. Walifanya kazi bila haraka. Ukuta ulifika kiunoni, ukafika kwenye tai, ukafika kidevuni. Wa linta akavuta uzi, akasema, "Hapo pamepinda," akaliondoa tofali na kulirudisha sawasawa, juu ya mdomo. La mwisho lilifunika macho.

Nyuma ya ukuta sauti iliendelea, nzima kabisa. "Nimeijenga kwa mikono yangu mwenyewe."

Wageni wakapiga makofi.

"Hao mafundi umewapata wapi?" akauliza mkubwa mmoja. "Na mimi nina ukuta wangu wa kujengwa."

"Hao ni vibarua wangu," akasema baba mdogo. "Niliwasimamia mwenyewe."

Mgeni akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kimya akakusanya glasi.

Wageni walipoondoka, baba mdogo alibaki mbele ya tivii. Alisogeza kiti kulia, akakisogeza kushoto, akitafuta pembe ya kujionea.

"Mbona sioni mlango?" akauliza. "Nitatoka vipi pale?"

"Hawakuacha mlango, baba mdogo."

Akaguna. Akamwambia afunge geti, akaenda kulala kwenye chumba cha mama.

Kimya akafunga geti, akapita chini ya kile kibao chenye jina, akaingia stoo. Sanduku lilikuwa la moto na juu yake palikuwa na vumbi la saruji. Hakulifuta.

"Leta maji," akasema mama kutoka ndani.

Kimya akachukua ndoo, akaenda bombani.