Malkia Asiyetoka Mulangoni

Watoto wa muji wetu wa Kasongo wananiogopa, na mimi sisikii vibaya. Ilianza na ile filme, "Mulango wa Maji", vijana wa parokia waliyoitengeneza kule Nyangwe kando ya muto. Mimi, Mama Marie-Jeanne, nilikuwa Malkia mwenye kulinda mulango chini ya maji ya Lualaba. Walinipaka unga wa muhogo usoni, wakanivalisha taji ya kopo la mafuta, wakaniambia, "Mama, sasa kasirika." Eh! Kuniambia mimi nikasirike, hiyo nayo ni kazi? Filme ilipoonyeshwa watu walipiga kelele, wengine wakatoka mbio. Ata kule Wamaza, muuza chumvi wa sokoni aliponitambua aliniongezea bila kuombwa. Nikapokea.

Sasa kuna huyu Blaise. Ni kijana wa kutengeneza telefone, kibanda chake kiko karibu na soko. Mutu wa kimya kabisa. Mwaka huu akachukua filme yetu akaigeuza muchezo wa telefone. Uso wangu iko ndani, taji yangu iko ndani, ata sauti yangu ya kufokea watu. Unamuongoza shujaa, anashinda mamba, anashinda mizimu, anafika kwa Malkia. Katika filme shujaa ananivuta nywele, naanguka ndani ya matope, mulango unafunguka, watu wanashangilia. Kila mutu alingojea kunivuta nywele kwa kidole chake mwenyewe.

Walitumiana muchezo telefone kwa telefone, muji muzima ukaingia. Kesho yake ni matusi tu. Shujaa anapigana na mamba vizuri sana, lakini akinifikia mimi anashusha upanga, anatoka njiani, anaingia ndani ya majani, anasimama pale macho chini. Basi. Unafinya, unafinya, telefone inashika moto mukononi, shujaa hasogei. Malkia naye hatoki. Betri inakwisha.

Wachimba zahabu waliotoka Lusangi walisema shujaa amegoma kazi. Vijana wa kwaya walisema amelogwa. Masera mumoja tu, mutawa wa parokia, ndiye aliyeusifu: alisema ni muchezo wa kwanza unaofundisha uvumilivu.

Na Magloire je! Magloire anasema kwa radio yetu, na anahukumu kila kitu: filme, miziki, mboga ya sombe kwa harusi, ata mahubiri. Siku ile nilikuwa jikoni, radio iko wazi.

"Picha: nzuri," akasema. "Mamba: anatisha. Lakini wandugu, mimi niko mbele ya ule mulango tangu asubuhi. Watu wanasema kosa ni la shujaa. Hapana! Kosa ni la Malkia. Mbona hatoki pale? Analinda nini? Anangojea nani? Sifuri!"

Nilizima ile radio kwa kofi. Mimi, sifuri? Baada ya unga wote ule?

Nikageuka, nikamukuta Nadine, kitinda mimba wangu, anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku machozi yanaanguka ndani ya kinu.

"Unalilia radio?" nikamuuliza.

"Mama, Blaise amesema Jumapili, siku ya Mungu, ataonyesha muchezo mbele ya watu wote, ndani ya salle, ule ukumbi wa parokia. Wakiukataa tena, anafunga kibanda, anaenda Lusangi kuchimba. Ameshafunga ata begi."

"Na wewe inakuhusu nini?"

Alitwanga tu, na kwa nguvu kuliko vile sombe inavyotaka.

Nikachukua telefone yake, nikaufungua ule muchezo. Mamba alinila, akanila tena, mpaka Nadine akanisaidia kuvuka. Shujaa akanifikia. Akashusha upanga. Akatoka njiani, akaingia majanini, macho chini.

Yesu wangu! Hii mwendo naijua. Kwetu ni mutu mumoja tu anayemufanyia mama namna hii: mukwe wake. Akikutana na mama ya muke wake njiani, anamuachia njia yote, anaingia kando, hamuangalii usoni, mpaka mama apite. Na kijana mwenye adabu anaanza mapema, ata kabla ya kutuma wazee. Ndipo nikakumbuka. Kwa kisima, Blaise ndani ya majani. Nyuma ya misa, Blaise ndani ya majani. Na mimi nilidhani anatafuta kachuma ka telefone kalikomuanguka!

Kumbe kijana ameniomba mutoto wangu kwa telefone zote za Kasongo, na hakuna mutu aliyeelewa. Mukono wake ulishindwa kumupiga mama ya Nadine, ata mama wa picha.

Nilianza kwa kukasirika, juu ndiyo desturi yangu. Halafu hasira ikaniacha, na kilichobaki hakikunipendeza. Wachumba watatu walishakuja kwa Nadine. Yule wa Nyangwe nilimufukuza juu alikuwa anacheka sana. Mwalimu wa Wamaza, juu hakuwa anacheka. Wa tatu nimesahau kosa lake, lakini alikuwa nalo. Ukweli ni kwamba baba yao alishakufa, wakubwa wameolewa mbali huko Kabambare, na Nadine akienda, nikifoka ndani ya ile nyumba nani atanijibu? Niliogopa. Ndiyo hiyo tu.

Siku ya Mungu salle ikajaa mpaka madirishani. Magloire alishika telefone, picha iko kubwa kwa ukuta. Alishinda mamba, watu wakapiga mikono. Akafika mulangoni. Shujaa akaingia majanini, macho chini, na salle yote ikaanza kulalamika.

"Toka, Malkia! Toka!" walipigia ukuta kelele.

Nilikuwa nimekaa nyuma. Nikaona Blaise, kule mbele, anachukua begi lake. Nikasimama, nikaifuata ile njia katikati ya viti, moja kwa moja kwake. Yeye naye alikuwa anakuja, anataka kutoka. Kuinua macho, akaniona. Maskini! Aliruka kando, akaingia katikati ya viti, akakanyaga vidole vya Masera, akasimama pale begi mukononi, macho chini.

Watu wakamuangalia Blaise. Wakaangalia ukuta. Wakamuangalia tena Blaise.

"Ni mukwe!" bibi mumoja akapiga kelele. "Shujaa ni mukwe!"

Eh mama, kicheko! Watu walipigana mabega, wengine wakaanguka kutoka viti. Magloire akashika kichwa. "Mbona hamukuniambia? Nasahihisha! Kumi juu ya kumi! Shujaa hana kosa ata kidogo. Ni Malkia ndiye..." Nikamuangalia. Akajificha nyuma ya telefone.

Halafu wote wakanigeukia, wananingojea mimi. Ilibaki kupita tu, na kupita ni kumukubali; nikasimama palepale. Kwa ukuta nilikuwa nimesimama vilevile, mikono kifuani, na kopo la mafuta kichwani. Nadine hakumuangalia Blaise. Aliniangalia mimi, na machozi yaleyale ya kando ya kinu.

"Blaise," nikasema. "Begi lirudishe nyumbani. Wazee wako waje."

Nikapita.

Blaise ameutengeneza upya ule muchezo. Alimutuma Nadine aniombe neno moja, juu yeye mwenyewe hathubutu, nikalisema ndani ya telefone. Sasa shujaa akiingia majanini, Malkia anasema, "Pita, mwanangu," anasogea, mulango unafunguka. Magloire alisema kwa radio ni muzuri, lakini mwisho umekuwa rahisi sana, malkia anatoka tu bila kupigwa.

Rahisi! Huyo Magloire hajazaa musichana.