Pointi Kumi na Saba

Mwalimu alileta orodha yake kwenye karatasi ya grafu. Vitu vitano, kila kimoja kwenye mstari wake, kwa mwandiko uleule aliotufundishia fizikia mimi na kaka yangu: ekzosi kubwa, chujio la hewa la wazi, valvu ya kupiga mluzi, presha zaidi ya turbo, na mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka mlangoni, breki.

"Orodha imesimama kwa kichwa, Mwalimu," nilimwambia.

"Basi sahihisha, binti. Kalamu si unayo?"

Nikaandika upya ubavuni. Kwanza breki, mafuta ya breki na matairi, kwa sababu gari linalokimbia bila kusimama si gari. Pili plagi mpya, na kuhakikisha hakuna mpira wa kupitishia hewa unaovuja. Tatu geji ya presha mbele ya dereva, ili ajue kinachoendelea badala ya kukisia. Nne kipoza hewa kikubwa zaidi, cha kupoza hewa inayoingia kwenye injini. Tano ekzosi. Presha mwisho, na kidogo. Chujio la wazi nililifuta, na valvu ya mluzi nikaifuta.

"Hiyo umeifuta kwa nini? Mke wangu ndiyo aliyoipenda."

"Haiongezi kitu. Inapiga kelele tu."

"Unamsema mke wangu au valvu?"

Nilicheka. Mwalimu alikuwa amestaafu miezi miwili nyuma, na gari hilo dogo la milango miwili lilikuwa kitu cha kwanza kujinunulia maishani bila kufikiria karo ya mtoto. Alipanga kulipeleka kwa binti yake, siku mbili njiani, milimani, mkewe pembeni. Kabla hajaondoka nilimweleza jambo moja, nikalirudia: injini ya gari lile ilitengenezwa kwa miaka minne tu, kisha kiwanda kikaachana nayo. Niliwahi kumtafutia mteja mwingine injini kama hiyo kwa mwaka mzima, na sikupata hata moja nzima.

"Ikifa hii," nilisema, "gari limekufa."

"Ndiyo maana nimeleta kwako."

Gereji ni yetu wawili, mimi na kaka, nusu kwa nusu. Yeye ana mdomo, mimi nina vipimo. Wateja ndio wanaosema hivyo. Wakati ule tulikuwa na miezi mitatu hatusemeshani, isipokuwa mbele ya wateja. Chanzo kilikuwa teksi moja aliyoiruhusu itoke kabla sijamaliza breki zake. Haikugonga mtu. Nilimwambia kwamba hiyo ni bahati, si kazi, naye akaniambia ninajiona mkaguzi wa serikali. Tangu siku hiyo tuliongea kwa daftari.

Daftari linaning'inia kwa kamba kwenye msumari, kando ya meza ya spana. Nililianzisha mimi, miaka tisa iliyopita, na kanuni zake ni mbili. Mkono wowote unaogusa gari uandike ulichogusa. Na gari halimrudii mwenyewe kabla ya kuendeshwa mara tatu barabarani, geji ikisomwa, na alama ya vema kuwekwa kwenye kisanduku cha jaribio. Hakuna gari lililowahi kutoka kwenye mikono yangu bila jaribio. Si sifa ninajipa, kurasa zipo.

Jumatatu nilifunga breki. Jumanne nikafunga geji na kuijaribu. Presha ilipanda hadi pointi saba na kukwama hapo, wakati kiwanda kiliipa nane. Sisi tunahesabu kwa pointi. Kumi ni sawa na uzito wa hewa yote inayotukandamiza tukiwa tumesimama. Pointi moja kupungua ni dalili ya mpira kuvuja mahali. Nikaandika daftarini: "Presha saba badala ya nane. Pana uvujaji. Nitautafuta Alhamisi." Jumatano nilikuwa na safari ya kufuata plagi na kipoza hewa upande wa pili wa mji, na safari hiyo ilimeza siku nzima.

Kilichofanyika Jumatano nilikijua Ijumaa, kwa kuchelewa, lakini ninakieleza hapa kwa sababu ndipo mahali pake.

Kaka alifungua boneti ya Mwalimu. Alitaka kumfurahisha, hilo sina sababu ya kulikataa. Alichukua skrubu ya presha, kifaa kidogo cha shaba kinachowekwa kwenye mpira mwembamba unaoiambia turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, iache kusukuma. Ukiikaza, turbo inachelewa kupata habari, nayo inaendelea kusukuma. Aliiweka nyuma ya boksi la chujio, pasipoonekana, akatoka nayo barabarani. Alitaka pointi kumi na moja. Akapata nane. Akakaza. Nane na nusu. Akakaza tena, na tena, mpaka skrubu ikagota. Tisa. Akaamua kwamba turbo imechoka, akarudisha gari mahali pake, akaenda kula.

Turbo haikuwa imechoka. Ilikuwa inasukuma kwa nguvu zake zote na hewa inatokea kwenye ufa. Ufa huo ndio uliokuwa umeishikilia ile injini hai.

Na hakuandika. Sababu aliyoitoa baadaye ni kwamba alitaka kwanza apate namba nzuri.

Alhamisi niliziba turbo mdomoni, nikaingiza hewa ya kompresa taratibu na kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu lilitoka chini ya mpira mkubwa, karibu na klipu, mahali ambapo macho hayafiki. Ufa ulikuwa na urefu wa kucha ya kidole gumba. Nilibadilisha mpira, nikafunga kipoza hewa kipya na plagi mpya, nikapima tena, hapakutoka hata povu moja. Nikayaandika yote. Kazi safi. Nilipita na mkono wangu sentimita kumi kutoka kwenye ile skrubu.

Ijumaa saa nne asubuhi Mwalimu alifika, shati limepigwa pasi kama la siku ya mitihani. Mimi nilikuwa nanawa mikono, tayari kwa zile safari tatu. Kaka alikuwa amemdaka mlangoni.

"Leo hutoki mapema, Mwalimu," alikuwa akisema. "Bi Vipimo hajapima joto la kiti."

"Kiti nacho kina kipimo?"

"Hapa kwetu kila kitu. Juzi alipima chai. Akaikuta imepungua pointi mbili, akairudisha jikoni."

Mwalimu akacheka mpaka akashika ukuta. "Na shuleni alikuwa hivihivi! Nikisema nusu saa, huyu ananiambia dakika ishirini na nane, Mwalimu."

"Ndiyo maana hajaolewa," kaka akasema. "Wanaume wote wamekosa vipimo."

Hapo Mwalimu hakucheka sana, lakini alicheka.

Najua kilichonitokea, na sitakipamba. Damu ilinipanda. Si kwa sababu ya kuolewa. Maneno hayo nimeyazoea kama moshi. Ilikuwa ni kusimama pale na mikono inayodondosha sabuni na kuona kwamba usahihi wangu, uliotulisha mimi na kaka kwa miaka tisa, ulikuwa kichekesho chao cha asubuhi. Nilikwenda kwenye daftari. Nilichukua kalamu. Kwenye kisanduku cha jaribio nikaweka vema, kubwa, kwa kukandamiza. Kisha nikamrushia Mwalimu ufunguo.

"Chukua," nilisema. "Limepimwa. Nenda."

Kaka alinitazama. Alijua gari halijatoka uani tangu asubuhi. Angeweza kuniuliza mbele ya mteja, lakini akageukia meza ya spana.

Barabara ya mbele ya gereji imenyooka hadi kwenye tangi la maji, kilomita moja na kitu. Tulimsikia akiondoka kwa adabu, gia ya kwanza, ya pili. Akaweka ya tatu na kukanyaga. Sauti ilikuwa nzuri. Nilijua mara moja kwamba ni nzuri kupita kiasi. Halafu ukaja ule mlio wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Sekunde moja, mbili, tatu. Mlipuko mdogo, mkavu. Kisha kimya.

Nilikimbia. Kaka naye alikimbia. Nilimkuta Mwalimu amesimama kando ya gari, ufunguo umelala kwenye kiganja chake, moshi wa bluu ukitoka kwenye ekzosi bila haraka.

"Sindano ilifika kumi na saba," alisema. "Nilidhani nimesoma vibaya."

Tulilisukuma gari watatu hadi gereji, hakuna aliyemtazama mwenzake. Niling'oa boksi la chujio kwa mikono miwili. Shaba mpya ikaniangalia.

"Hii nini?" Ndilo neno la kwanza nililomwambia kaka yangu kwa miezi mitatu ambalo halikuwa la kuwaridhisha wateja. "Nakuuliza. Hii nini?"

"Skrubu ya presha."

"Naiona ni skrubu! Umeiweka lini?"

"Jumatano. Nilitaka tu..."

"Ulitaka! Imekazwa hadi mwisho! Nimeandika kwa herufi zinazosomeka na mtoto wa chekechea: pana uvujaji. Huwezi kusoma?"

"Nisome nini, kila siku ukurasa mzima wa lawama? Daftari lako hilo ni kesi, si daftari."

"Ungeandika neno moja. Skrubu. Herufi sita!"

"Na wewe?" Alinisogelea. Kaka yangu hapigi kelele. Akikasirika sauti inashuka. "Nilikuona. Umeweka vema na gari halijatoka uani. Ungeliendesha hata mara moja, mita mia mbili, ungeiona sindano ukaachia. Haya, sema. Uliliendesha?"

"Usinigeuzie kibao."

"Uliliendesha, au hukuliendesha?"

Nilichukua kifaa cha kupima mgandamizo wa silinda, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi ambayo si shingo yake. Nikatoa plagi. Silinda ya kwanza, mia na hamsini. Ya pili, mia na arobaini na nane. Ya nne, mia na hamsini. Ya tatu, ishirini. Plagi ya tatu ilikuwa na vipande vya rangi ya fedha vimeyeyukia kwenye ncha yake. Hiyo ni pistoni, na kipande cha pistoni kikishavunjika hakikai kimya. Huchana ukuta wa silinda.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Alikuwa amesikia yote.

"Leteni hilo daftari," alisema.

Kaka alilifungua kwenye msumari, akampa. Mwalimu akavaa miwani na kusoma ukurasa wa gari lake kuanzia juu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akisoma kazi zetu huku tumesimama mbele yake.

"Jumatano hakuna kitu," alisema.

"Sikuandika, Mwalimu," kaka akajibu. "Samahani."

"Na hii vema?"

Kulikuwa na majibu mengi ya kweli. Kwamba bila skrubu ile, kukosa jaribio kusingedhuru kitu. Kwamba asilimia kubwa ya kosa ilikuwa ya mwingine. Niliyapanga yote kichwani, kwa mpangilio.

"Ni ya uongo," nilisema. "Nilikasirika nikaiweka."

"Kwa sababu tulicheka?"

"Ndiyo."

Alivua miwani. "Huyu kaka yako nilimjua tangu kidato cha kwanza," alisema. "Anabahatisha. Kama ingekuwa yeye aliyesema limepimwa, nisingekanyaga hivyo. Nilikanyaga kwa sababu ni wewe."

Hakuinua sauti. Ningependelea angeiinua. Alichana ukurasa ule taratibu kutoka kwenye uzi, akaukunja pamoja na karatasi yake ya grafu, akapiga simu, na baada ya saa moja lori la kuvuta magari lilikuja kuchukua gari. Dereva alitaja gereji wanayokwenda. Naijua. Hawana hata geji. Nilimwambia Mwalimu tutalifungua sisi, tutatafuta pistoni hata kama ni mwaka, hatatoa hata senti. Akasema, "Najua, binti," akapanda mbele kando ya dereva.

Tulibaki uani. Kaka aliokota ile skrubu, akaigeuza vidoleni.

"Tuongee," alisema.

"Sasa ndiyo unataka kuongea."

"Sasa ndiyo, eeh. Ulitaka lini?"

Nilikuwa bado nimekasirika, na bado nimekasirika leo, ninapoandika. Nilikasirishwa naye, na kicheko, na mkono wangu. Nililirudisha daftari kwenye msumari. Ukurasa uliofuata ulikuwa mtupu, ila kalamu ilikuwa imekandamizwa mno Ijumaa ile asubuhi, na vema ilikuwa imepenya, haina wino, unaweza kuisoma kwa kidole. Niliandika tarehe, gari la Mwalimu, na chini yake: "Jaribio halikufanywa." Nikatia sahihi.

Kisha nikamshikisha kaka kalamu, nikasimama pale hadi alipoandika alichofanya Jumatano.