Mwanabaraka na Wenzake

Alasiri ile Mwanajuma alikuwa barazani kwake Kibiti akichambua mchele, ungo mapajani, kompyuta ndogo juu ya kinu kilichogeuzwa kifudifudi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye stashahada, anatafuta shahada. Tasnifu yake ya vita vya Majimaji ilibakiza kitu kimoja tu, orodha ya marejeleo. Isipokaa sawa kabla ya wiki kwisha, hahitimu.

Bi Mwanabaraka akaja akitokea mtoni upande wa Salale, kama kila siku, maji yakimchuruzika kuanzia kiunoni.

"Shikamoo bibi. Kamua kaniki hukohuko, nimepiga deki."

"Marahaba. Wewe na deki yako!"

Akakamua, akakaa kizingitini. Alikuwa amekufa mwaka ule wa vita. Askari walimfunga kwenye nguzo ya dungu lake, lile la kulindia mpunga dhidi ya ndege, wakamhoji yeye na majirani zake wa shambani kutwa nzima. Kisha wakawafungua, wakachoma dungu, ghala na mpunga wenyewe. Hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, na mto ulipofurika ukawabeba. Kapteni Rauch, Mjerumani aliyekuwa akiuliza maswali, alirudi kwao Ujerumani na majibu yao, akayachapa kitabu.

"Leo umefika wapi?" aliuliza bibi.

"Kwenye vitabu. Kila kitabu kina namna yake ya kutajwa. Cha mwandishi mmoja kivyake, cha wengi kivyake, kilichotafsiriwa kivyake."

"Cha Kapteni ni kipi?"

"Mwandishi mmoja."

"Mmoja!" Bi Mwanabaraka akatema mate pembeni. "Kwani pale aliyekuwa akisema ni nani, nguzo?"

"Kakuandika 'ajuza mmoja wa Rufiji'."

"Na lile tusi langu?"

"Lipo. Bado ni dua."

Kamba zilipombana, Bi Mwanabaraka alimtukana Kapteni kwa Kindengereko, akamtajia mama yake na mahali ambapo mwalimu hawezi kupataja. Kapteni alilinakili tusi lile herufi kwa herufi, akaeleza chini ya ukurasa kuwa ni dua ya kuombea mvua. Tangu hapo wataalamu walilinukuu, huyu kwa yule, kwa heshima kubwa.

Mwanajuma hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Mwongozo wa chuo ulisema kitabu cha waandishi wengi hutajwa kwa jina la wa kwanza, likifuatiwa na "na wenzake". Akamfuta Rauch, akaandika: Mwanabaraka na wenzake.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, wenzake wakaja.

Walijaa uani, wamelowa hadi kiunoni, matope ya mashambani miguuni. Kibwana, mume wa Mwanajuma, akasogeza pikipiki ukutani ili wapate pa kukaa.

"Mama Huseni, wote hawa wako?"

"Wa marejeleo."

"Watakula?"

"Hawali. Wananusa."

Walinusa wali uliokuwa jikoni, na ulipopakuliwa haukuwa na harufu hata chembe. Mtoto wao Huseni akautia mchuzi mwingi, akala, akaenda kucheza mpira.

"Mwalimu," alisema mwanamume mmoja mrefu, "umetuita 'wenzake', tumekuja. Lakini mimi si mwenzake tu. Mimi ni Miraji."

"Na mimi je?" akauliza mwingine. "Nife na njaa, halafu niwe mkia wa jina la jirani?"

Mwanajuma aliona wana haki. Akawaandika wote, jina kwa jina, akamtumia msimamizi wake. Dakta Nassibu alimpigia simu asubuhi.

"Mwalimu, siwakatai wafu. Hata ofisini kwangu wapo, wa Kilwa, wamekalia kabati la faili. Lakini hawajachapisha."

"Walisema wao. Kapteni aliandika tu."

"Basi ni mahojiano. Niletee fomu ya ridhaa waliyotia saini."

"Wataweka dole gumba."

"Dole lililolowa linachana karatasi, tumeshajaribu. Watoe. Mrudishe Rauch, na jina la mfasiri wake. Usipofanya hivyo, sipitishi."

Alasiri Mwanajuma aliweka kompyuta juu ya kinu mbele yao wote.

"Nawatoa," alisema. "Nisiposema mimi mtasikia kwingine. Nimesoma miaka minne, na siachi shahada mlangoni."

Miraji aliangalia jina lake likifutika, akakung'uta matope gotini.

"Na dua?" aliuliza Bi Mwanabaraka.

"Inabaki dua. Ndivyo ilivyochapishwa."

Bi Mwanabaraka akacheka mpaka akashika mbavu. Akasimama, akalitamka lile tusi lote, kwa sauti, bila kuruka neno. Mvua ikanyesha. Iliwanyeshea wao pale uani na mashamba ya mpunga ya nyuma ya nyumba, basi. Barabarani vumbi lilikuwa vumbi.

"Limenukuliwa mno, mpaka limekuwa dua kweli," alisema Mwanajuma, akauwahi ungo wake.

Alihitimu. Dakta Nassibu alisifia hasa sehemu ya dua ya mvua. Wenzake Bi Mwanabaraka hawakuondoka, kwa kuwa walikuwa wameshaitwa, na mwongozo haukueleza namna ya kumrudisha mtu.

Siku hizi mpunga ukianza kukauka, wakulima huja hadi Kibiti, wengine kutoka Mahege, wakabisha hodi.

"Mama Huseni, tuombee hao wazee watukane kidogo."

Wazee hutukana, mvua hunyesha. Mwaka huu alikuja bwana shamba mmoja na kalamu yake, akasimama chini ya matone akiuliza dua ile ni ya nani.

Mwanajuma alimtazama Bi Mwanabaraka aliyekaa kizingitini akikamua kaniki.

"Ni ya Rauch," alijibu. "Mwandishi mmoja."