Jina la Mama Mkwe Kwenye Sebene

Wimbo ulikuwa haujamaliza juma moja redioni, na tayari Luzolo Mavinga hakuwa na mke nyumbani. Si kwamba Ngalula alimkimbia. Baba zake wakubwa walikuja kumchukua mchana kweupe, yeye na sanduku lake jekundu, mbele ya majirani wa mtaa wa Bandal waliokuwa wamesimama vibarazani mikono kiunoni, wakisikiliza kwa makini wasije wakasahau neno la kwenda kusimulia.

"Shida si wewe, Ya Luzo," Ngalula alimwambia, kwa hilo 'Ya' la kumheshimu mkubwa, mguu mmoja tayari ndani ya teksi. "Shida ni huo mdomo wa bendi yako."

Mdomo wa bendi alikuwa Jojo Tonere, yaani Radi. Luzolo, ambaye jiji zima lilimwita Sukali kwa utamu wa sauti, aliimba sehemu ya polepole, ile ya machozi na ahadi. Gitaa likigeuka na sebene kuanza, ile sehemu ya kasi ya kucheza, yeye hunyamaza na Jojo anaingia. Kazi yake ni kupiga makelele, kuwaita watu wacheze, na kutupa mawe. Kutupa jiwe, kwa watu wa Kinshasa, ni kulitaja jina la mtu ndani ya wimbo ili jiji lilisikie. Kila mtu analitaka jiwe lake, kuanzia waziri mpaka muuza pilipili, na kila mtu hutoa alicho nacho ili alipate. Basi kwenye wimbo huo mpya, "Nzela ya Ndako", yaani njia ya nyumbani, pale ngoma ilipochemka kuliko kote, Jojo alitupa hili:

"Mama Bilonda wa Gambela! Kiuno hicho kina leseni? Shuka nacho, mama, shuka nacho, polisi wamelala!"

Jiji likarukwa na akili. Watoto wa shule waliliimba, makonda waliliimba, na yupo mtawa mmoja wa Lemba aliyesikika akilivumisha puani huku anafagia kanisa.

Balaa ni kwamba Bilonda wa Gambela, muuza makayabu, samaki wa chumvi, ndiye aliyemzaa Ngalula. Na Ngalula ni Mluba, na kwa Waluba mkwe na mama mkwe hata kutazamana ni mwiko.

Luzolo mwenyewe ni Mkongo kwa kabila, lakini heshima ya ukwe aliishika kuliko hao Waluba wenyewe. Hakuwahi kula mbele ya mama mkwe wake wala kumtazama usoni. Siku moja walikaribia kugongana pale sokoni Gambela, akajitupa nyuma ya robota la mitumba na kujibanza humo mpaka mwenye mitumba akamuuliza kama ananunua au anajifungua. Jina la mama huyo hakulijua. Kwake alikuwa mkwe, basi. Siku ya mahari majina yote yalitajwa, lakini yeye siku hiyo alikuwa akimtazama Ngalula, masikio ameyaacha mlangoni.

Na sasa bendi yake ilikuwa imemwambia mama mkwe akate kiuno, jiji zima likisikia. Kibaya zaidi, kwenye video, jina lilipotupwa, aliyekuwa akikatika mbele ya kamera, ulimi nje, alikuwa Luzolo mwenyewe.

Televisheni zikapata chakula. Mtangazaji mmoja aliwaalika wataalamu wa mila, wakagombana hewani mpaka mmoja akavua koti. Mashabiki wa bendi pinzani walikuwa wakipita mbele ya nyumba ya Luzolo wakiuliza kwa sauti, "Mkwe yupo? Tumemletea leseni!" Hayo yote angeyabeba. Kashfa alishazizoea, aliwahi kutangazwa amekufa, akaenda msibani kwake mwenyewe na kukuta watu wameshaanza kula. Lakini kurudi nyumbani na kukuta kitanda kimetandikwa vilevile alivyokiacha, hilo lilimshinda. Alimtaka Ngalula. Hakutaka kingine.

Alimfuata Jojo uwanja wa mazoezi.

"Nani alikupa hilo jina?"

"Sisemi."

"Jojo!"

"Ya Luzo, mimi mtupa mawe. Mtu ameniambia usinitaje, nimekubali. Nikimtaja huyu, kesho nani ataniamini? Nitabaki natupa majina ya paka."

"Mke wangu ameondoka, Jojo."

Jojo akainamisha uso akatazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vya kutazamwa kweli: rangi mbili, kahawia na maziwa, ngozi ya mamba, ncha ndefu. Tangu avipate alikuwa akitembea kama bwana harusi.

"Ningejua ni mkwe wako ningejing'ata ulimi," alisema. "Mimi nilidhani ni... basi tu."

"Ulidhani ni nani?"

"Basi tu, kaka."

Wito ukaja: Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa wakwe huko Limete, Luzolo afike na mdomo wa bendi yake, na mbuzi.

Walifika watatu, yaani Luzolo, Jojo na mbuzi, na kati yao aliyekuwa na utulivu ni mbuzi. Jojo alibaki uani kumfunga. Luzolo akaingia sebuleni na suti ya kijivu, nguo yake pekee isiyong'aa.

Aliyeketi kiti cha mbele alikuwa Mzee Ntambwe, kaka mkubwa wa baba mkwe, mtu mwenye sauti ya kuita meli. Pembeni yake alikaa baba mkwe mwenyewe, Mzee Beya, mkaguzi wa shule mstaafu na kiongozi wa kwaya, aliyekuwa akisema kila Jumapili kwamba muziki wa dunia ni ngoma ya shetani. Alivaa suti kamili, tai, na slipa za plastiki. Uso wake ulikuwa mkavu kama kwanga ya juzi, ule mkate wa muhogo. Mama mkwe aliketi ukumbini, nyuma ya pazia, ili yeye na Luzolo wasionane. Pazia lenyewe halikufika chini. Ngalula alisimama mlangoni, tayari kubeba maneno ya huku na huku, na alipomwona mumewe alitazama dari ili asicheke wala asilie.

"Mkwe!" Mzee Ntambwe alianza. "Ndugu yangu huyu mwaka huu ameonewa. Kwanza wezi wamemwibia viatu vyake kanisani, viatu alivyovaa siku ya kumwoza binti yake! Sasa wewe umemwibia heshima ya mkewe. Abaki na nini?"

Mzee Beya alikunja vidole ndani ya slipa.

Luzolo akapiga magoti. Aliomba radhi kwa Kiluba alichofundishwa na Ngalula, akakosea nusu yake, akamalizia kwa Kilingala. "Kesho tunarekodi upya," alisema. "Jina linafutwa. Halitasikika tena."

Nyuma ya pazia kiti kililia.

"Ngalula," ilisema sauti ya mama mkwe. "Mwulize mumeo, anafuta nini?"

Ngalula akageuka. "Mama anauliza unafuta nini."

"Jina lake," alisema Luzolo, macho sakafuni.

"Mwambie nimekaa na makayabu mpaka nanuka chumvi hata nikioga! Wenzangu wote sokoni wametupiwa mawe. Mama Odette ana mawe matatu, na anauza pilipili! Mimi, mkwe wa Sukali, hakuna aliyenijua. Leo nikishuka teksi soko zima linaniita. Halafu anataka kufuta?"

"Shemeji!" Mzee Ntambwe alinguruma. "Umetukanwa!"

"Nimeambiwa nina kiuno. Tangu lini ni tusi?"

Mashangazi waliokuwa jikoni waliangua kicheko. Mzee Ntambwe alisubiri kiishe, naye alisubiri sana.

"Sikilizeni," alisema hatimaye. "Shemeji amefurahi, vizuri. Lakini mila haiulizi nani amefurahi. Mkwe hana mdomo wa kusema kiuno cha mama mkwe. Kama jina hilo limetoka kwa Luzolo au kwa utani wa watu wake, Ngalula harudi Bandal. Kama limetoka kwa mwingine, atajwe hapa, na faini iwe yake. Mleteni huyo mpiga kelele."

Jojo akaingia akipangusa mikono. Alisalimia kulia, akasalimia kushoto, akafika kwa Mzee Beya, na hapo mdomo ukabaki wazi. Alikuwa hajawahi kumwona baba mkwe wa Luzolo, kwa maana alijiunga na bendi baada ya harusi, na mzee huyo hakuwahi kukanyaga onyesho. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Tonere hakuwa na sauti.

"Nani alikupa jina la shemeji yangu?" Mzee Ntambwe aliuliza.

"Siwezi kusema, wazee wangu."

"Ni Luzolo?"

"Si yeye! Naapa kwa mama yangu!"

"Basi nani?"

Jojo alitikisa kichwa. Jasho lilimshuka hadi kwenye kola. Luzolo alimtazama kwa macho ya kuomba, akamtazama Ngalula, akaona mkewe ameshika mlango kwa mikono miwili. Inaishia hapa, alijiambia, ndoa yangu inafia kwenye ukimya wa mtu ambaye hajawahi kunyamaza.

"Ngalula," sauti ya pazia ilisema, polepole sasa. "Mwambie huyo kijana asogeze mguu wa kulia."

Watu wakatazamana. Jojo akasogeza.

"Ageuze kisigino."

Akageuza.

"Mna macho?" aliuliza mama mkwe. "Hicho kisigino nilikipeleka kwa fundi mimi mwenyewe. Kina kiraka cha kijani, kwa sababu ngozi ya kahawia ilikuwa imemwishia. Hivyo ndivyo viatu vilivyoibiwa kanisani!"

Mzee Ntambwe alisimama. "Mwizi! Umekuja na viatu vya ndugu yangu mpaka nyumbani kwake?"

"Mimi?" Jojo alirudi nyuma. "Mimi napiga kelele, siibi! Nimepewa! Nimepewa, wazee!"

"Na nani?"

Jojo akafumba macho, akafumba na mdomo. Mashangazi wawili walikuwa tayari wamempita na kuziba mlango, mmoja na mwiko mkononi.

"Mwacheni."

Alikuwa Mzee Beya. Alisimama na slipa zake, akaivuta tai kama vile ndiyo iliyokuwa ikimnyonga.

"Viatu nilimpa mimi. Na jina nilimpa mimi."

Shangazi mwenye mwiko akaushusha.

"Kila jioni mke wangu akirudi sokoni," alisema Mzee Beya, akiongea na sakafu, "ananiambia leo limetupwa jina la fulani. Halafu anakaa kimya, anapara samaki. Nikawa siwezi kuuvumilia ukimya ule. Kumwomba mkwe wangu nisingeweza, nimeusema vibaya muziki wake tangu aoe. Nikavaa kofia, nikaenda kwa kijana huyu kwa siri. Sikuwa na kitu kizuri zaidi ya hivyo viatu." Kisha akamgeukia Jojo kwa ghafla, ule ukaguzi wa shule umemrudia. "Lakini nilikwambia sehemu ya polepole! Ya mapenzi! Nilikwambia kiuno mimi?"

"Mzee, na wewe!" Jojo alilipuka, sauti imerudi yote. "Umekuja na kofia mpaka puani, unanong'ona, jina la mwanamke mmoja, usimwambie mtu! Ningejuaje ni mke wa ndoa? Mimi nikajua kimada! Na vimada wote tunawaweka kwenye sebene!"

Nyumba ikavunjika mbavu. Shangazi mwenye mwiko alikaa chini mlangoni palepale. Mzee Ntambwe alijitahidi kushika uso wake wa hukumu, ukamponyoka. Luzolo peke yake hakucheka bado. Alikuwa akisikiliza pazia, maana nyuma yake palikuwa kimya, na aliogopa kwamba mama mkwe ameumia.

"Beya," sauti ilisema mwishowe. Haikupitia kwa Ngalula. "Ulikwenda wewe, kwa miguu yako, mpaka kwenye ngoma za shetani? Kwa ajili yangu?"

"Nilikwenda."

"Ukarudi na slipa?"

"Nikarudi na slipa, mke wangu."

Pazia lilitikisika, na hakuna aliyejua kama mama yule alikuwa anacheka au analia. Luzolo alikuwa ameimba mapenzi maisha yake yote na hajawahi kumvulia mtu viatu.

Mzee Ntambwe akahukumu kwamba faini ni ya Beya, na kwa kuwa mbuzi ameshaletwa na Luzolo, baba mkwe anadaiwa mbuzi na mkwe wake, jambo ambalo yeye hajawahi kulisikia katika ukoo wao. Luzolo akasema deni la mbuzi amelisamehe, yeye arudishiwe mke tu. Ngalula alikuwa tayari ameshika sanduku jekundu. Lilifungwa tangu asubuhi.

"Ngojeni," alisema mama mkwe. "Ngalula, mwambie mumeo jina lisifutwe. Ila akifika hapo jukwaani, ageuke nyuma. Mkwe ni mkwe."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila Jojo alipolitupa jiwe la Mama Bilonda, Sukali aligeuka na kuupa umati mgongo. Mashabiki, wasiojua sharti hilo, walidhani ni mtindo mpya wa kucheza, nao wakaanza kugeuka. Mwezi haukwisha, na hata bendi pinzani ilikuwa inageuka.

Onyesho la Jumapili moja alasiri pale Lemba, Jojo alitoka na viatu vya kawaida. Vile vya mamba vilikuwa vimesharudi kwa mwenyewe. Sebene ilipochemka alilitupa jina, Luzolo akageuka, na uwanja mzima ukageuka naye, maelfu ya watu wakitazama ukuta. Hakukuwa na jicho hata moja lililotazama safu ya mbele, isipokuwa la Jojo.

Luzolo alimwona Jojo akiacha kupiga kelele. Alimwona akitabasamu mpaka masikioni, anachungulia huko chini ambako yeye, mkwe, hakuruhusiwa kutazama. Hakugeuka. Alitamani, lakini hakugeuka. Kisha Jojo akaleta maikrofoni mdomoni.

"Mzee Beya! Taratibu! Si ulisema unataka ya polepole?"