Mchongaji wa Mwisho wa Kisiwa

Mume wangu Omwenga alizaliwa kijijini Tabaka, kwenye machimbo ya mawe ya sabuni, yale laini ya kuchongea sanamu, na bahari alikuwa hajaiona mpaka hoteli ya kisiwa kimoja cha mbali ilipomchukua akawafundishe vijana wao kuchonga. Nchi yenyewe ndogo, inaishi kwa watalii. Watalii wanataka utamaduni, nao vijana wameukimbia, wako Ulaya wanaosha vyombo. Niliposikia hayo niliwahurumia. Huruma ya bure!

Mwaka wa kwanza hakuna kijana aliyefika darasani. Wa pili, Omwenga akaacha kabisa kutaja darasa. Mama yake, Kemuma, alipouliza atarudi lini, jibu lilikuwa lile lile: Desemba. Mama miguu ilikuwa imemvimba, na alitaka kitu kimoja tu, amwone mwanawe mlangoni kabla hajafa.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumapili wifi yangu Bosibori aliingia na simu, akatuonyesha tangazo la hoteli. Omwenga kifua wazi, shanga shingoni, anachonga kasa, na mzungu kando yake anasimulia. Mama akacheka kwa furaha.

"Amenenepa! Na huyo mzungu anasema nini?"

Mama Kiingereza hajui. Bosibori akanikonyeza nidanganye. Ningeweza. Lakini miaka yote nimesugua mawe ya Omwenga ndani ya maji baridi mpaka vidole vikachubuka, na siku hiyo nilichoka kumsitiri.

"Anasema huyu ndiye mchongaji wa mwisho wa kisiwa, mama. Kazi amerithi kwa babu zake wa hapo. Jamaa zake wote walikufa, amebaki peke yake."

"Na Omwenga anasema nini?"

"Anaitikia kwa kichwa."

Kwetu mzazi aliye hai hatajwi kati ya wafu, hata kwa mzaha. Mama hakulia. Alirudisha simu, akavuta beseni la ndizi, akaanza kumenya.

Jioni Omwenga akapiga. Nikamwambia tumeona.

"Hiyo ni kazi tu, Mong'ina. Ni mchezo wa wageni, bila hiyo hoteli inafungwa. Nipe mama nimweleze."

Nikamnyooshea mama simu. Sauti ikawa inaita, "Mama? Mama?" Hakuipokea. Kisu kiliendelea kumenya.

"Mwambie ametuzika vizuri," akasema. "Sasa atuache tupumzike."