Fumba Macho, Shemeji

Meno bado ananipigia simu, na bado ananiita shemeji. Sipokei. Neno lenyewe ni zuri, sina ugomvi nalo, ila mdomoni mwake siku hizi nalisikia kama mtu anayepaka siagi mkate usio wake. Meno ni daktari wa meno, ndiyo maana tulimpa jina hilo. Kazi yake ni kuwaambia watu hawataumia huku sindano ameificha nyuma ya mgongo, na mimi mwenye akili zangu nikamwamini.

Walikuwa watatu: yeye, Wakili na mume wangu. Wamekunywa pamoja tangu ujana, kwanza chochote kilichopatikana, halafu vitambi vilipoota, wiski. Hapo wakaanza kujiita waonjaji. Hawakuwa wanakunywa tena, eti, walikuwa wanaonja. Jumamosi kwa zamu walipanga chupa mezani, wakanusa, wakasema maneno ambayo mtu mzima akiyasema bila glasi mkononi atapelekwa kupimwa kichwa. Mwenye haki ya kuyasema alikuwa mume wangu peke yake, maana yeye analipwa kwa pua. Kwenye kampuni ya kahawa wanampangia vikombe kila asubuhi, anapita na kijiko, anavuta kahawa kwa kelele za aibu, anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye ndoo, kisha anasema gunia hili lilinyeshewa, lile lilikaa karibu na mafuta ya taa. Hakosei. Na kuhusu harufu hajui kudanganya, hata umfanyeje. Mengine yote anajua.

Mwaka juzi alianguka bafuni. Nilimkuta amekumbatia beseni anatapika damu. Hospitalini daktari alituita wote wawili, akatueleza ini lilivyochakaa, kisha akamgeukia yeye akasema habari si kupunguza, ni kuacha, na akirudia asitegemee kutoka pale kwa miguu yake. Nikamuuguza. Nilimwogesha, nikamnywesha uji kwa kikombe cha bati kama mtoto, nikahamishia cherehani kando ya kitanda chake ili mapazia ya wateja yasilale. Alipopata nguvu ya kukaa nilimwambia, tena taratibu, asije akadhani ni hasira tu: "Siku utakayomeza tena, mimi naondoka. Sitakuuguza mara ya pili." Akalia, akanishika mkono. Na kweli aliacha. Chupa zikatoka nyumbani, na rafiki zake ghafla wakawa na shughuli nyingi.

Tulikaa hivyo muda mrefu, mimi na yeye na kelele za cherehani. Basi ndipo Meno akaja na busara yake. Kuonja si kunywa, akasema. Mtu anayetema kahawa kutwa nzima atashindwaje kutema wiski? Aje aonje, ateme, wao wameze, maana tangu pua yake iondoke wanakunywa gizani. Nikasema ng'o. Wakili akaja na hoja, akazipanga kama yuko kortini. Nikasema ng'o na kwake pia. Aliyenilegeza ni mume wangu mwenyewe, na hata hakubembeleza. Alikuwa anakata kucha, akasema kwa sauti ndogo, bila kuniangalia, kwamba kazini watu wananusa naye lakini hakuna anayecheka naye. Sasa mwanamume akikuambia hivyo, na wewe ndiye uliyewafungia mlango rafiki zake, utamjibu nini? Nikatoa masharti. Iwe nyumbani kwetu, iwe mchana, mimi niwe mezani, na chupa nichague mimi.

Dukani alinipeleka yeye, lakini alibaki ndani ya gari, vioo amevipandisha. Niliona ni adabu hiyo, nikampenda. Mimi sijawahi kunywa wiski. Harufu yake nilikuwa naijua kwa upande mmoja tu, ule wa matapishi. Muuzaji, mama mmoja wa miwani asiye na haraka, alicheka nilipomwambia, akanitilia kidogo kidogo kwenye glasi za mdomo mwembamba. Alinifundisha nisizamishe pua, niishike glasi mbali kidogo, niache mdomo wazi, nisubiri. Nikasubiri. Ya kwanza ikanijia harufu ya asali na maganda ya tofaa, nikaichukua, nikaiita Asali. Ya pili ilinishangaza, maana ilinuka kitambaa cha sufi kikipigwa pasi kikiwa na unyevu, harufu ninayoijua kuliko manukato yoyote. Hiyo nikaiita Sufi. Ya tatu aliitaka mume wangu, aliniandikia jina lake kiganjani kwa kalamu. Shayiri yake hukaushwa kwa moshi, na moshi huo hauitoki tena hata ikae kwenye pipa miaka. Muuzaji alidondosha tone lake kwenye glasi niliyobakizia Asali, na Asali ikafa palepale. Nilinusa, nikanusa tena, moshi mtupu. Hiyo nikaiita Moshi.

Nilimhadithia garini. Alicheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akapiga usukani kwa kiganja. Akaniambia ndiyo maana hiyo huwa ya mwisho siku zote, ukianza nayo umeharibu shughuli. "Tone moja likiingia kwenye ndoo," akasema, "ndoo nzima ni Moshi. Haufichiki huo." Tulirudi nyumbani tunacheka, chupa nimezipakata mimi.

Jumamosi niliondoa vitambaa kwenye meza yangu ya kukatia, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote nyumbani, nikatandika shuka jeupe. Glasi, jagi la maji nililolijaza mpaka juu, mkate mtupu wa kusafisha ulimi. Mbele ya mume wangu niliweka kile kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, nilichomnyweshea uji. Nilikiweka makusudi, akione. Wageni wakaja na mashati yaliyonyooshwa, wakanisifia meza, wakanisifia nyumba. Jua lilikuwa bado linawaka madirishani.

Asali ilipomiminwa sikupepesa macho. Mume wangu alinusa, akavuta kidogo, mashavu yakacheza vilevile kama kazini, akainama akatema. Kisha akaniinamishia kikombe nione. Nikaona. Ndipo nikapumua, nikajiona mjinga kwa wasiwasi wangu wote.

Ilipofika Sufi, Meno akasema haiwezekani aliyechagua akae kama mlinzi wa benki. Nami nionje. Nikasema nimeshaonja dukani. Wakasema dukani si kuonja, kuonja ni kwa wenzako. Akanitilia, akanisogezea.

"Fumba macho, shemeji," akasema. "Macho yanaidanganya pua."

Nikafumba. Nikangoja kama nilivyofundishwa, harufu ikapanda polepole, nikawaambia ninachokiona: meza ya pasi, sufi ya buluu, mvuke, na mtu amekula ndizi iliyoiva sana chumba cha pili. Nilipofumbua wote walikuwa wananitazama. Wakili akapiga meza kofi, akasema wamelitafuta neno hilo miaka yote, kumbe liko kwa fundi wa mapazia. Shemeji ana pua. Shemeji alikuwa wapi siku zote. Na mume wangu alinitazama kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu uchumba wetu. Mtu asiniambie kwamba yeye asingevimba kichwa. Mimi nilivimba.

Basi ikawa kila wakimimina ni mimi kwanza. Fumba macho, shemeji. Usifumbue haraka, iache ije yenyewe. Nami naiacha ije. Na niliifurahia, sitasema uongo. Ilinishuka kifuani ikakaa mahali pake, mabega yangu yaliyopinda kwa cherehani yakalegea, nikawa nacheka na watu ambao niliapa hawatakanyaga kwangu. Moshi walirudia mara nyingi. Niliwaambia unanuka wodi ya hospitali ambayo mgonjwa mmoja amevuta sigara kwa siri chini ya shuka. Wakacheka mpaka machozi, na aliyecheka kuliko wote alikuwa mume wangu. Nikamsikia akicheka nikiwa gizani, nikasema moyoni, angalia, umemrudisha.

Walipoaga, Wakili aliweka mkono kifuani. "Shemeji, mimi nashuhudia," akasema. "Kila tone limetoka." Meno akaenda mbali zaidi. Alikichukua kikombe cha bati mezani, akanikabidhi mkononi, akaniambia nipime mwenyewe. Kilikuwa kizito. Nikawashukuru. Ndiyo, niliwashukuru, nikawasindikiza mpaka mlangoni na vipande vya mkate nikawafungia.

Mume wangu alijilaza kwenye kiti chake, macho nusu. Mimi nikabeba vyombo jikoni. Nilikuwa naelekea kukimwaga kile kikombe kwenye sinki, lakini mchana mzima nilikuwa nimezoeshwa kunusa, nikakinusa tu, kwa mazoea. Nikakishika mbali kidogo, mdomo wazi, nikasubiri.

Ikaja Asali. Kwa mbali sana, imepoa. Nyuma yake maji ya bomba, na bati. Nikasubiri Sufi, haikuja. Nikasubiri Moshi. Nilisimama pale mpaka mkono ukaanza kuuma, Moshi haukuja. Nikasema pua yangu imechoka, ni ya mwanafunzi hii. Nikarudi mezani, nikachukua glasi yake, tupu, imekauka. Moshi ukanipiga kabla sijaifikisha usoni. Nikatazama jagi la maji. Nusu haikuwemo, na hakuna mtu niliyemwona akinywa maji.

Nilikaa kwenye kiti cha Meno, maana ndicho kilichokuwa karibu. Kumbe ndivyo. Kila nilipofumba, mwenzangu alikuwa anameza. Mmoja ananishika na sifa, mwingine anajaza kikombe maji ili kiwe na uzito, na huyu wangu anameza, nami nimekaa katikati yao nasimulia sufi ya buluu. Nilipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa zenyewe nilizichagua mimi. Na kicheko kile nilichokuwa najipongeza nacho, nimeshakijua kilikuwa cha nini. Nilisikia hasira, lakini iliyotangulia ilikuwa aibu, aibu ya kupenda kusifiwa mpaka nikamsahau mtu niliyemfuta damu. Na ulimini mwangu wiski ilikuwa bado tamu. Hilo ndilo sitawasamehe.

Nilimpelekea kikombe. Aliniuliza kuna nini, akasema siku ilikuwa nzuri, rafiki zake wamenikubali sana. Pumzi yake ilinifikia kabla ya maneno. Nilikiweka mikononi mwake.

"Nusa," nikamwambia.

Alinitazama, akakitazama kikombe. Angeweza kukataa. Angeweza kukidondosha, angeweza kunifokea kwamba namfanya mtoto, hayo yote anayaweza. Lakini kikombe kikishaingia mkononi mwake, mwili unaijua kazi. Akakikumbatia kwa viganja viwili, akafumba macho, akavuta kidogo, akapumzika, akavuta tena. Uso ukamtulia kabisa, kama yuko mbele ya meza yake ya kahawa na watu wa kampuni wamesimama wanangoja hukumu.

"Asali," akasema. "Maji mengi."

Nikangoja. Akakirudisha puani.

"Moshi hamna," akasema.

Aliisema kwa sauti ya kazini, ile isiyokosea, na nafikiri aliisikia mwenyewe baada ya kuitoa. Sauti yangu nayo haikupanda. Nilimwambia neno ambalo mchana kutwa hakuna aliyeniambia.

"Fumbua macho."

Hakufumbua. Nilimngoja kwa muda, nilimngoja kwa haki kabisa, kisha nikaenda kumpigia dada yangu aje na gari. Dada akaja. Tulibeba begi la nguo kwanza, halafu vitambaa vya wateja, mwisho cherehani, na kwa kuwa ni nzito tuliishika wawili, tukapita nayo mbele ya kiti chake. Alikuwa bado amekaa vilevile, kikombe mikononi, macho ameyafumba.